Aliyeumwa na Nyoka Akiona Unyasi Hushtuka

Juma hili nimeziweka kando barua nyingine zote ili nijibu moja tu. Imetoka Kisumu, kwa msichana aliye mwaka wa pili chuoni. Sitataja jina lake wala chuo chake, lakini ameniruhusu nikusomee maneno yake, na nadhani si yeye peke yake aliye na swali hili.

“Mama, pokea salamu zangu. Karo yangu hulipwa na kakangu mkubwa, ambaye alikuwa mvuvi wa omena. Mwaka jana, usiku mmoja wa giza, dhoruba iliwakuta ziwani na mashua yao ikapinduka. Walikuwa wanne. Watatu waliokolewa alfajiri wakiwa wameshikilia ubao. Wa nne, rafiki yake tangu shule ya msingi, alimponyoka mkononi. Tangu siku hiyo kakangu hajaingia ziwani. Upepo ukivuma usiku huamka akaketi mlangoni mpaka kuche. Omena hali tena, hata harufu yake haitaki. Amehamia kwangu Nyalenda, anaendesha bodaboda, na jioni hunywa. Baba humwita mwoga. Shangazi anasema ni roho ya yule marehemu inamsumbua. Nami juzi, kwa hasira, nilimwambia ajikaze kama mwanamume. Aliondoka bila kusema neno, hakurudi hadi asubuhi. Mama, nimekosea wapi? Chuoni tulifundishwa mazoezi ya kupumua na kutuliza mwili. Je, yanaweza kumsaidia mtu kama huyu, au ni mambo ya Wazungu tu?”

Binti yangu, nimesoma barua yako mara tatu. Nitakujibu moja baada ya jingine, na wewe msomaji uliye Mombasa, Nairobi au Eldoret, usifunge ukurasa ukidhani haya ni ya watu wa ziwani pekee.

MLINZI ASIYELALA

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wengi wetu huitumia methali hii kumcheka mtu. Kumbe wahenga walikuwa wanaeleza jambo ambalo madaktari walikuja kulieleza baadaye kwa maneno marefu.

Fikiria mlinzi wa usiku katika ploti yenu. Mwizi akija, mlinzi hupuliza filimbi, taa zikawashwa, majirani wakatoka na rungu. Ni jambo jema, ndiyo sababu analipwa. Sasa fikiria kwamba mwizi ameshakwenda zake, miezi imepita, lakini mlinzi yule bado anapuliza filimbi kila paka anapopita juu ya bati. Hakuna anayelala. Majirani wanakonda. Mwishowe wanaanza kumchukia mlinzi.

Ndani ya kila mmoja wetu yumo mlinzi wa namna hiyo. Hatari ikitokea, ubongo hutoa ishara na mwili humwaga ndani ya damu kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, tumbo huacha kazi yake ya kusaga chakula. Mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia. Msomi wa Marekani, Walter Cannon, aliyaandika haya tangu mwaka 1915, na hayajakanushwa. Kwa kawaida hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini hatari ikiwa kubwa mno, au ikimkuta mtu akiwa hana la kufanya, mlinzi yule anaweza kukataa kuamini kwamba mwizi amekwenda. Hapo ndipo tunasema mtu amepata kiwewe.

Kwa hiyo kakako anaposhtuka kwa upepo, si kwamba anakumbuka kama wewe unavyokumbuka mtihani wa mwaka jana. Mwili wake unaamini kwamba yumo majini sasa hivi. Anaketi mlangoni kwa sababu mlango ndiyo njia ya kukimbilia. Harufu ya omena kwake si harufu ya kitoweo, ni harufu ya usiku ule. Huo si woga. Mwoga ni yule aliyekimbia kabla ya kumshika rafiki mkono, na kakako alimshika.

HATA MIMI NILISHTUKA

Naomba nikuambie langu. Mwezi Januari mwaka 2008 nilikuwa Kisumu na wanangu. Kwa siku kadhaa tulilala chini, sakafuni, mbali na madirisha, tukisikiliza milio ya bunduki upande wa Kondele. Hakuna aliyeguswa nyumbani mwangu, na nilimshukuru Mungu. Nilijiona mzima kabisa.

Miezi kadhaa baadaye, nikiwa sokoni Kibuye, gurudumu la lori lilipasuka. Nilipofahamu, nilikuwa nimelala chini katikati ya nyanya za watu, nimejifunika kichwa. Muuza nyanya alinitazama tu. Niliona aibu kubwa. Nilienda nyumbani nikidhani naanza kuwa mwehu, na sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu, na wanangu niliwafokea kwa kijiko kuanguka.

Nimeyataja haya kwa sababu mji wa Kisumu una watu wengi wa namna yangu, na hatusemezani. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua Hospitali Kuu ya New Nyanza, ile tuliyoizoea kwa jina la Russia, walinzi walifyatulia umati risasi na watu wakafa. Walioshuhudia wakiwa watoto sasa ni wazee, na wengine mpaka leo hawapendi msafara wa magari ya wakubwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini, na katika Kisumu wengi waliokufa walipigwa risasi. Mwaka 2017 risasi na rungu zilirudi Nyalenda, Manyatta na Obunga. Mwaka 2020 ziwa lilifurika kupita kiasi kilichowahi kupimwa, likameza nyumba na mashamba ufuoni, na wakazi wa Nyando na Budalang'i hawahitaji kuelezwa maana ya kuamshwa na maji. Ukiongeza misiba ya Ukimwi iliyokuwa haikatiki katika miaka ya 1990, utaona kwamba walinzi wasiolala ni wengi katika mji huu.

SI MAMBO YA WAZUNGU

Sasa swali lako la mwisho, la kama kutuliza mwili ni mambo ya Wazungu. La hasha! Uliza wazee wa kwenu.

Mzee mwenye boma alipofariki katika nchi ya Waluo, watu hawakuketi tu kwenye viti vya plastiki wakisikiliza hotuba za wanasiasa. Palikuwa na tero buru. Vijana na wanaume walichukua ng'ombe, mikuki na ngao, wakapuliza pembe, wakakimbia hadi mpakani wakipiga kelele kana kwamba wanapigana vita, wakikifukuza kifo kiende mbali na boma. Kisha wakarudi wakiimba. Kina mama nao walilia kwa sauti, kwa maneno na kwa mwili mzima, bila kuambiwa wanyamaze. Mpiga nyatiti aliketi kwenye kigoda chake kifupi, pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, njuga mguuni, nyuzi nane mbele yake, akamsifu marehemu usiku kucha huku watu wakicheza.

Hebu tazama vizuri. Mkono na mguu vilipewa kazi. Pumzi ilitoka kwa nguvu. Moyo ulipiga mbio, kisha ukatulia polepole pamoja na mioyo ya wengine. Huzuni haikuachwa ikae ndani ya mtu mmoja. Sidai kwamba wazee walikuwa na jibu la kila jambo, na sisemi turudishe mikuki mjini. Nasema tu kwamba walijua huzuni inakaa mwilini, na mwili una sehemu yake katika kuiondoa.

Kakako hakupata hata moja ya hayo. Rafiki yake alizikwa, naye akapewa pole, halafu akaambiwa arudi kazini. Na mtu aliyenusurika hana matanga ya kwake.

MAZOEZI YENYEWE

Haya ndiyo niliyofundishwa, na ndiyo ninayofanya mpaka leo. Hayahitaji pesa wala mkeka maalumu. Yajaribu wewe kwanza, binti yangu, ili ukimfundisha kakako umfundishe unachokijua.

La kwanza ni pumzi. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono. Ukivuta pumzi, moyo huharakisha kidogo, na ukiitoa moyo hupunguza mwendo. Ndivyo tulivyoumbwa. Basi ukiitoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, unampelekea mlinzi wako ujumbe kwamba mwizi amekwenda. Keti wima bila kujikaza, mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja hadi nne, tumbo lijae. Itoe kwa mdomo ukihesabu moja hadi sita, kama anayepoza chai. Ukiona kizunguzungu, punguza hesabu na usivute hewa nyingi. Fanya dakika tano asubuhi na dakika tano kabla ya kulala. Jifunze ukiwa umetulia, maana hakuna anayejifunza kuogelea siku ya dhoruba.

La pili ni miguu. Hili ni la wakati ule kumbukumbu inapomvamia mtu. Akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili na aisikie ilivyo baridi au moto. Afumbue macho. Ataje kwa sauti vitu vitano anavyoviona: mlango, sufuria, kalenda, viatu, taa. Ataje vinne anavyoweza kuvigusa, na vitatu anavyovisikia. Kisha aseme yuko wapi na ni siku gani: “Niko Nyalenda, ni Jumanne usiku, nimeketi kwa dadangu.” Usicheke. Mwili unaodhani uko majini unahitaji kuelezwa kwamba uko nchi kavu, tena kwa lugha ya mwili.

La tatu ni kukaza na kulegeza. Daktari mmoja wa Chicago, Edmund Jacobson, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1929. Aligundua kwamba mtu mwenye wasiwasi huwa amekaza misuli bila kujijua, na akiikaza kwa makusudi halafu akailegeza, hulegea zaidi ya ilivyokuwa. Anza na ngumi: kaza kwa hesabu ya tano, achilia. Kisha mabega yapandishe mpaka masikioni, achilia. Uso, tumbo, mapaja, nyayo. Kwa mwendesha bodaboda anayeshinda amekunja mgongo, hili ni dawa hata kwa shingo.

La nne ni mwendo. Kutembea kwa miguu kila siku, hata nusu saa, kabla jua halijawa kali. Mimi niliokolewa na jirani yangu, mama mtu mzima, aliyekuwa akinigongea mlango kila alfajiri tukatembee. Hakuniuliza chochote. Tulitembea tu, na baadaye tukachambua omena pamoja barazani kwake, mkono ukienda na kurudi. Siku ya arobaini hivi ndipo nilipomweleza habari za lori na nyanya. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, “Mimi hunishika nikisikia helikopta.”

La tano ni sauti. Kuimba kwaya, kukariri rozari, kuvuta tasbihi, hata kuimba benga ukifua nguo. Vyote hivi hurefusha pumzi bila wewe kuhesabu. Daktari Herbert Benson wa chuo cha Harvard alitoa kitabu mwaka 1975 akieleza kwamba mtu anayerudia neno moja kwa utulivu, huku akiachilia mawazo yapite, mapigo ya moyo na pumzi yake hushuka. Bibi zetu waliokuwa wakirudia sala zao gizani hawakuwa wamesoma kitabu hicho.

JE, YAMEPIMWA?

Najua wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mtataka ushahidi, na mna haki.

Kule Dagoretti, Nairobi, wanawake 421 waliokuwa na dhiki ya moyo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili majumbani, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Baadhi yao walitembelewa na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa kwa siku nane tu. Vikao vilikuwa vitano, kimoja kwa juma. Walifundishwa kupumua polepole, kulitatua tatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli walizoziacha na kutafuta watu wa kuwashika mkono. Baada ya miezi mitatu dhiki yao ilikuwa imepungua zaidi kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ulitungwa na Shirika la Afya Duniani.

Mwaka 2020 yalitoka matokeo mengine kutoka kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda. Wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walikutana kwa makundi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao, wakajifunza kukanyaga ardhi na kuzipa nafasi fikra nzito badala ya kupigana nazo. Nao dhiki yao ilipungua.

Na Kisumu hapa hapa, wanawake 256 wenye virusi vya Ukimwi, waliopitia ukatili na waliokuwa na huzuni kuu pamoja na kiwewe, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Tiba yao ilikuwa mazungumzo, vikao 12, na waliowahudumia hawakuwa madaktari wa akili bali watu wa kawaida waliofunzwa. Waliopata tiba hiyo walipona kwa wingi kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Kule Bungoma na Moshi watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliokutanishwa kwa makundi na washauri wasio madaktari, walezi wao wakishirikishwa, walipata nafuu, na hasa upande wa Kenya nafuu hiyo ilidumu mwaka mzima.

Umeona jambo gani, msomaji? Katika yote hayo hakuna mahali ambapo mtu aliachwa peke yake na pumzi zake. Palikuwa na mwili, na palikuwa na mtu mwingine. Kupumua hutuliza usiku wa leo. Kidonda chenyewe huhitaji mkono wa mtu aliyefunzwa.

YA KUEPUKA

Kwanza, usimlazimishe asimulie. Wako wanaoamini kwamba mtu akilazimishwa kusimulia yote siku moja, atapona. Shirika la Afya Duniani halishauri kikao kama hicho cha mara moja, maana hakiponyi. Mwache aseme anachotaka, siku anayotaka. Wewe uwepo tu.

Pili, wengine wakifumba macho na kutulia, picha mbaya ndizo huja. Ikiwa ndivyo kwa kakako, afanye macho wazi, au aachane na pumzi na aanze na kutembea. Zoezi linalomtesa mtu si zoezi lake.

Tatu, pombe. Chang'aa humlaza mlinzi kwa nguvu, lakini humwamsha saa tisa ya usiku akiwa mkali zaidi. Usimtukane kwa kunywa. Mwonyeshe kwamba unajua anatafuta usingizi, kisha mtafutie njia nyingine ya kuupata. Vivyo hivyo vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila daktari ni mtego.

Nne, usikatae imani ya shangazi kwa dharau. Mwambie hivi: “Shangazi, kama ni huyo rafiki anamsumbua, basi ni kwa sababu hawakuagana vizuri.” Kisha mwombe aandae siku, mwende pamoja kwa mama wa marehemu, mketi, mle, mlie. Daktari hatapinga hilo, na mimi pia sipingi. Ila awepo kwa hiari yake.

Tano, kuna dalili ambazo si za kungojea. Akisema maisha hayana maana, akianza kugawa vitu vyake, akitaja kujiua hata kwa mzaha, usimwache peke yake. Muulize waziwazi, maana kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu ya bure ya ushauri, nambari 1199, na kwa watoto ipo nambari 116. Kwa mengine yasiyo ya haraka, anzeni na kituo cha afya cha karibu, muulize habari za afya ya akili, mpewe barua ya kwenda hospitali kubwa. Ile Russia ya zamani siku hizi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Mahali palipowahi kutupa jeraha pamekuwa mahali pa kutibiwa.

KWAKO BINTI

Umeniuliza umekosea wapi. Ulimwambia ajikaze, na tatizo lake ni kwamba amejikaza mno. Tangu usiku ule mkono wake haujaachilia. Huenda kila usiku bado anamshika rafiki yake.

Fanya hivi. Jumapili hii, kabla hajatoka na pikipiki, mpelekee chai. Usianze na mazoezi. Anza na haya: “Kaka, nilikukosea juzi. Wewe si mwoga. Ulimshika mpaka mwisho.” Halafu nyamaza. Asipojibu, usimlaumu, nenda zako, neno limeshaingia.

Juma lijalo mwombe akusaidie wewe. Mwambie una mtihani, unakosa usingizi, na umefundishwa kupumua, akae nawe dakika tano akuhesabie. Mwanamume aliyelipa karo yako atakubali kukusaidia upesi kuliko atakavyokubali kusaidiwa. Atahesabu, na pumzi yake itafuata hesabu yake mwenyewe.

Usiku upepo ukivuma, usimwambie arudi kulala. Amka, washa taa, keti naye mlangoni. Mwulize anaona nini, anasikia nini. Mwambie ni siku gani. Usiku mmoja, wa tatu au wa kumi, atarudi kitandani kabla hakujakucha. Siku hiyo mwambie habari za mshauri wa hospitali, na ujitolee kumsindikiza.

Kuhusu ziwa, msimharakishe. Akitaka mwenyewe, mnaweza siku moja kwenda Dunga jioni, msimame mbali, mtazame watu wakila samaki, mrudi. Siku nyingine msogee kidogo. Na ikiwa hatavua tena maishani, hajapungukiwa na kitu. Akivua tena, avae jaketi la kuokoa maisha. Baba anayemwita mwoga angemnunulia hilo kwanza.

Na wewe msomaji uliye nyumbani kwako leo, ukizungukwa na familia, tazama kuna nani hapo anayeshtuka mlango ukibamizwa. Huenda ni mama, huenda ni babu, huenda ni yule kijana wa nyumba ya pili. Usimcheke. Muulize kama angependa mtembee kidogo baada ya chakula.

Binti, niandikie tena uniambie chai ilipokelewaje. Nitangoja.